Wawekezaji waliponyamaza, nilipanda matatu kwenda Githurai

Mei 2022 nilikuwa na apu ya kutunza hesabu za vyama vya kuweka akiba na kukopeshana, wafanyakazi sita, ofisi ya kupanga kando ya Ngong Road na ahadi ya dola 250,000 kutoka kwa mwekezaji wa ng'ambo. Ahadi yenyewe ilikuwa ya barua pepe iliyojaa alama za mshangao. Hakuna tulichotia sahihi, lakini mimi nilishaipangia matumizi.

Lawama naitupia 2021. Mwaka ule wawekezaji duniani walimwaga zaidi ya dola bilioni 600 kwenye kampuni changa, kiasi ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana. Riba Marekani ilikuwa karibu na sifuri, kwa hiyo mwenye hela akiziacha benki ni kama kuzilaza njaa. Afadhali azitie kwenye apu ya mikopo ya Lagos au ya kusambaza bidhaa Nairobi, pengine zitazaa. Huku Kilimani tulikuwa tukikutana kwenye mikahawa, kila mmoja na kompyuta yake, na swali lilikuwa moja: una watumiaji wangapi? Habari za faida ziliulizwa na mama yangu peke yake. Mimi nilikuwa na vyama 1,100, vyote vikitumia bure, nikajiona nimefika.

Machi 2022 benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba, na kufikia Julai 2023 ilikuwa imepita asilimia 5. Sasa mwenye hela angeikopesha serikali yake, alale, aamke chake kimeongezeka. Aje Nairobi kutafuta nini? Alama za mshangao zikapungua kwenye barua za mwekezaji wangu, kisha barua zenyewe zikakatika. Juni 2022 Kune, kampuni ya chakula ya hapa hapa, ikafunga. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Sendy, kampuni ya kusafirisha mizigo. Wote wawili kwa pamoja walikuwa wamepata mamilioni ya dola. Mimi nilikuwa nimebakiza hela za miezi mitano.

Ofisi niliirudisha. Watu watatu niliwaachisha kazi, na hilo sipendi kulisimulia, mmoja hadi leo hapokei simu yangu. Seva tulilipia kwa dola, na dola iliyokuwa shilingi 113 mwanzoni mwa 2022 ilifika 160 hivi Januari 2024, kwa hiyo hata nilipobana matumizi bili ilizidi kupanda. Nikabaki na njia moja niliyokuwa nikiikwepa tangu mwanzo: kuwatoza wenye vyama.

Nikaenda Githurai kumwona mweka hazina wa chama cha wauza mitumba, mama mmoja aliyekuwa ametumia apu tangu wiki ya kwanza. Nilipanga kumwomba shilingi 100 kwa mwezi, chama kizima. Kabla sijafika kwenye bei akanikatiza.

"Mwanangu, kwani miaka hii miwili umekuwa ukila nini?"

Nikamweleza habari za wawekezaji. Alinisikiliza huku akikunja suruali.

"Kwa hivyo kuna mtu huko anakulipa ndio mimi nitumie bure. Na akichoka?"

Akainama chini ya meza, akatoa daftari kubwa la jalada jeusi. Kila mchango ulikuwemo, kila mkopo, kila faini ya kuchelewa mkutano. Miaka yote miwili alikuwa akiandika mara mbili, kwangu na kwenye daftari, kwa sababu alijua siku moja ningepotea na rekodi za watu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nilimwomba anikalishe anisomeshe lile daftari, na nilitoka pale saa mbili usiku. Apu yangu haikujua faini. Haikujua kwamba mkopo wa mwanachama aliyefiwa husimamishwa riba, wala kwamba Desemba kila mtu anataka karatasi inayoonyesha gawio lake limetoka wapi. Haya tuliyajenga kwa wiki saba, watu watatu, sebuleni kwangu Umoja. Bei nikaweka shilingi 300. Yeye ndiye aliyesema 100 ni pesa ya mtu asiyejiamini.

Vyama 810 vilihama. Vilivyobaki, 290, vilileta shilingi 87,000 kwa mwezi, ambazo hazikutosha mishahara. Mwaka mzima nilifundisha kompyuta jioni ili kuziba pengo. Tulifika vyama 900 mwisho wa 2023, na hapo ndipo nilipoacha kufundisha.

Mwishoni mwa 2024 yule mwekezaji akaandika tena. Hela zilikuwa zimeanza kurudi, ila sehemu kubwa ilikimbilia akili unde (AI). Oktoba hiyo OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, peke yake ilichukua dola bilioni 6.6. Swali lake halikuwa tena idadi ya watumiaji. Aliuliza kama tumetia akili unde. Nilimjibu kwamba tumetia faini za kuchelewa. Hakuandika tena.

Githurai bado naenda. Daftari lipo chini ya meza, ila siku hizi mama anaandika jumla ya mwezi tu.