Mzee wa ile asilimia 20

Jana jioni kijiweni nilizomewa. Nilisema tu kwamba mkutano wa mtaa haujaitwa siku nyingi na mapato hatusomewi. Vijana wenzangu wakanijia juu: "Nani anakuunga mkono hapa?" Nikainamia kikombe changu, kimya.

Mzee mmoja akamwambia muuza kahawa aniongeze, kisha akasimulia. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilipopita kuuliza wananchi wa Tanzania kama wanataka chama kimoja cha siasa au vingi, yeye alisimama akasema vingi. Watu wakaguna. Takriban asilimia 80 walitaka kubaki na kimoja. Yeye alikuwa kwenye ile 20. Hata hivyo Tume ikapendekeza vingi, na 1992 sheria ikabadilishwa.

"Mwanangu, wale themanini hawakuwa wajinga," akasema. "Waliogopa vurugu, na hofu yao niliielewa. Lakini na mimi nilikuwa na langu la kusema."

Usingizi ulinipaa. Inaniuma kwamba sisi tuliokulia kwenye vyama vingi ndio wepesi wa kuzomeana.

Jumamosi naenda kumuuliza mwenyekiti tarehe ya mkutano. Anayetaka tuongozane, anikute kahawani saa tatu asubuhi.