Kwani hana watu?

Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi nakwenda kwa bibi mmoja hapa Columbus, Ohio. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani: namwogesha, nampikia, nampangia dawa za wiki nzima. Ana miaka 81 na anaishi peke yake ghorofa ya tatu, chumba na jiko. Mumewe alishafariki. Nilipomsimulia mama yangu kwa simu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Kwani hana watu?"

Watu anao. Mwanawe anakaa mwendo wa dakika 20 kwa gari, na ameshamwomba mara nyingi ahamie kwake.

Bibi anaishi kwa posho ya serikali iitwayo SSI, wanayopewa wazee wa kuanzia miaka 65, vipofu na walemavu wenye kipato kidogo. Ilianza Januari 1974, mtu mmoja akilipwa dola 140 kwa mwezi. Mwaka 2025 ilikuwa dola 967. Ukizigeuza shilingi, nyumbani wataona bibi ni tajiri. Lakini akiisha kutoa kodi, umeme, simu, sabuni na nauli, wiki ya mwisho ya mwezi tunapika maharage tu. Mwaka huo wa 2025 mke na mume walipata dola 1,450 kwa pamoja, ila mmoja akifa, aliyebaki alishuka hadi 967, na taa ni ile ile.

Posho yenyewe hupanda kufuata bei za vitu. Kinachoniuma ni kikomo cha akiba. Tangu 1989 mtu mmoja haruhusiwi kuwa na zaidi ya dola 2,000, ukiacha nyumba anayoishi, gari moja na vitu vichache. Mwaka ule posho ilikuwa dola 368, kwa hiyo mzee aliweza kujiwekea ya miezi mitano na zaidi. Leo kikomo hicho hicho ni posho ya miezi miwili. Bibi ana daftari la jalada jekundu, anaandika salio kwa penseli kila nikija. Mwezi mmoja lilifika 1,940, akaingiwa na hofu, akanituma nikanunue blanketi. Kabatini anayo matatu.

Sasa hilo la kuhamia kwa mwanawe. Akienda kulala na kula kwa gharama ya mwanawe, theluthi ya posho inakatwa, mwaka 2025 ilikuwa dola 322 na ushee. Ili isikatwe lazima aonyeshe kwamba analipa fungu lake la gharama za nyumba, na hapo ni fomu na risiti. Tena chumba chake ni cha ruzuku, kodi hukadiriwa kwa asilimia 30 ya kipato. Akikiachia, kukipata kingine ni foleni ya miaka. Mwanawe ana watoto watatu na mshahara wa bohari. Wakakaa, wakapiga hesabu, wakaona mama abaki alipo.

Namfikiria shangazi yangu kule Makunduchi. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyefika miaka 70. Ilikuwa hela ya sukari na mchele kidogo, sikatai. Lakini hakuna aliyemuuliza analala nyumba ya nani. Yuko na wajukuu, na siku ya malipo huwanunulia mandazi.

Juni mosi ya 2025, siku ya posho ya bibi, iliangukia Jumapili, kwa hiyo iliingia Ijumaa iliyotangulia, nikiwepo. Bibi aliandika salio, akalisoma mara mbili. Nikamuuliza kama angependa kukaa na mwanawe. Akatazama simu iliyopo dirishani.

"Hunipigia saa tatu usiku," alisema. "Kila siku." Akafunga daftari, akaniomba nimsogezee kiti karibu na dirisha.