Kibarua cha Jukwaani Kikiota Nyasi

Fundi wa taa, mshona maleba au mkata tiketi aliyelipwa kwa siku miaka sita katika ukumbi wa Nairobi huachishwa kwa neno moja: "Usije kesho, wewe ni kibarua tu." Wengi hukunja virago. Haraka ya nini? Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, huhesabiwa kama mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Hapo anadai notisi ya siku 28 au malipo badala yake. Siku moja ya mapumziko baada ya sita za kazi nayo huhesabiwa, kwa hiyo ukumbi kufungwa kila Jumatatu hakukati mfululizo.

Kinachokata ni pengo kati ya mchezo na mchezo. Mwajiri atasema kila onyesho lilikuwa mkataba wake, au kwamba ulilipwa kwa kipande, yaani kwa kila kazi uliyomaliza badala ya siku, na kazi ya kipande si kibarua kisheria. Jibu lake ni ushahidi wa kazi za katikati: kufua na kupanga maleba, kukarabati taa, kubomoa jukwaa, mazoezi. Kusanya taarifa ya M-Pesa (*334#), ratiba za mazoezi, na hasa vijitabu vya onyesho vyenye jina lako nyuma; wenye kumbi husahau kwamba walivichapisha wenyewe. Ukitolewa kwenye kundi la WhatsApp usilifute, maana ujumbe ulioingia hubaki simuni.

Usitie sahihi karatasi ya "nimepokea haki zangu zote" kwa sababu ya elfu tano za nauli. Karatasi hiyo imezika madai mengi.

Malipo ya utumishi kwa kila mwaka hudaiwa pia, na mahakama mara nyingi hutumia mshahara wa siku 15. Kwa shilingi 1,000 kwa siku na miaka sita, ni 90,000. Ila kama ulikuwa ukichangiwa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, dai hili huondoka, basi angalia rekodi yako kabla ya kupiga hesabu. Likizo ambayo hukupewa, siku 21 za kazi kwa mwaka, ni dai la peke yake.

Malalamiko ya kuachishwa isivyo haki hupelekwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu. Kesi mahakamani, miaka mitatu. Ile miezi mitatu ndiyo huponyoka, watu wakingoja msimu mpya wakitumaini wataitwa.

Cheti cha utumishi nacho ni haki yako ukifikisha wiki nne mfululizo: tarehe ya kuanza, ya kuacha, aina ya kazi na mahali. Barua ya sifa ni hiari ya mwajiri, usiigombanie.