Wiski kwenye joto la Mtwara: daftari langu mpaka sasa

Mradi wenyewe ni mdogo: kujua ni wiski ipi naipenda mimi, nikiinywea hapa Mtwara, kwenye joto hili, kwa pesa yangu. Iliyo bora duniani waachie wenyewe. Maelekezo mengi ya unywaji yametungwa na watu wa nchi za baridi, na wakikwambia uinywe ikiwa na joto la chumbani wanamaanisha nyuzi 18 au 20. Sebuleni kwangu Shangani, mwezi wa pili, kipimajoto husoma 31 saa tatu usiku na feni inazunguka. Mimina toti hapo uone. Kinachokupanda puani ni ukali wa kileo. Harufu ya pipa huipati hata uitafute.

Tunaonja watatu. Fundi ni makanika wa magari, mtu wa Black Label tangu nimjue. Karani yuko chama cha msingi cha wakulima wa korosho, na yeye ni Jameson tu. Mimi mke wangu ananiita mtu wa yoyote iliyofunguliwa. Tunachanga, tunanunua mzinga mmoja, tunaumaliza polepole, naandika.

Kununua

Nianze hapa maana ndipo pesa inapopotelea. Chupa nyingi huku zinakuja kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na duka lenye single malt, wiski ya kimea cha shayiri ya kiwanda kimoja, unalitafuta. Nikishika chupa, kwanza stempu ya kielektroniki ya TRA, mamlaka ya mapato: naiskani kwa programu ya Hakiki Stempu palepale kaunta, mbele ya muuzaji. Muuzaji mwenye mzigo safi hakasiriki. Halafu kifuniko, kama hakijachezewa. Halafu naangalia chupa imekaa wapi dukani. Iliyopangwa dirishani inapigwa jua la mchana siichukui hata kwa bei ya kutupa.

Kwenye lebo nasoma mambo mawili, asilimia na umri. Sheria ya wiski ya Scotland inataka ikae kwenye pipa la mwaloni miaka isiyopungua 3 na iingie chupani ikiwa na kileo kisichopungua asilimia 40. Ile 12 ya Black Label ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo, kwa hiyo nyingine zinaweza kuwa zimekaa zaidi. Red Label haitaji umri, na siioni aibu kwa hilo. Ni wiski ya soda na inajijua. Rangi sisomi kabisa. Waskoti wanaruhusiwa kutia karameli ili chupa zote zifanane. Bourbon, wiski ya Kimarekani kama Jim Beam, hairuhusiwi, rangi yake yote imetoka kwenye pipa jipya lililochomwa moto ndani, na nafaka yake lazima iwe mahindi kwa asilimia 51 au zaidi. Karani alipolisikia hilo la mahindi aliiheshimu ghafla.

Maji

Kwenye maji ndiko nimekaa sana kuliko kwingine kote. Nilinunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yake, na ndilo kipimo changu. Toti ya mililita 30 yenye asilimia 40 ukiitia bomba moja la maji inashuka mpaka 30. Ukitia matatu inafika 20. Wanaochanganya wiski kule Scotland, kazini kwao, hunusa zilizopunguzwa mpaka karibu na hiyo 20, kwa sababu ukali ukiondoka ndipo kasoro na uzuri vinapojitokeza.

Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba kemikali iitwayo gwayakoli, mojawapo ya zinazoleta harufu ya moshi, hukaa karibu zaidi na uso wa kinywaji kileo kikipungua. Kileo kikizidi, inazama. Mimi sina kompyuta ya namna hiyo, nina pua, na hapa Mtwara pua inakubaliana nao. Black Label kavu katika nyuzi 31 inanichoma tu. Nikiitia bomba moja la maji na kungoja kidogo, moshi unatokea, nyuma yake zabibu kavu na ganda la chungwa.

Lakini maji gani? Ya bomba letu yana chumvichumvi, na kwenye Jameson unaisikia kabla ya kumeza. Ya chupa ni sawa, hayana la kusema. Nikajaribu ya mtungi. Mke wangu ni mtu wa Mikindani, na mtungi wake anaufukiza ubani kila unapooshwa, anaufunika mdomo kwa kata mpaka moshi uingie kwenye udongo. Siku ya kwanza aliponiona nasogea na chupa alisema, "Baba watoto, mtungi wangu haujui pombe. Chota, uende nayo huko barazani." Nikachota.

Maji hayo yana baridi ya mtungi, ile isiyouma meno, na harufu ya ubani kwa mbali. Kwenye Glenfiddich 12 yaliharibu kila kitu. Wiski ile ni nyepesi, ina harufu ya pea na tufaha, ubani ukaimeza mzima mzima. Kwenye Jim Beam yalikaa vizuri sana. Utamu wa vanila wa pipa jipya na ubani vinasikilizana. Fundi alikataa katakata kuyajaribu kwenye Black Label yake. Nikajaribu peke yangu, na alikuwa na haki: moshi juu ya moshi, hujui unanywa au unafukizwa.

Barafu nimeipa nafasi yake na si kubwa. Kipande kimoja kikubwa kwa Red Label, au Grant's, mchana wa Jumapili, sawa. Kwa kitu chenye harufu ya kutafuta, barafu inafunga harufu hizo, na hizi tulizolipia pesa nyingi zinakuwa na ladha ya baridi tu. Halafu huku umeme ukikatika jioni, barafu ya friji inakwisha ndani ya saa moja, na ile ya kwenye makasha ya samaki pale Feri, tafadhali, usinikaribie nayo.

Mwezi mtukufu

Hakuna nilichoandika. Mwenye nyumba wangu ni Alhaji, ukuta wetu ni mmoja, na mbele ya mlango wangu ndipo watoto wake wanapopita na sahani za futari, mojawapo ya kwangu. Daftari lilifungwa mpaka Idi ilipopita. Fundi alinung'unika, akala futari.

Kusi limeanza

Julai usiku sebule ilishuka mpaka 23 na upepo unaingia wenyewe. Nilirudia chupa zilezile za Februari. Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba nusu ya ninachokiita ladha ya wiski ni hali ya hewa. Black Label iliyokuwa ya kuchoma ilitulia, kavu, bila maji hata tone, na utamu wa matunda makavu ukaja mbele ya moshi. Glenfiddich niliyokuwa nimeiandika "hasara tupu" ilifunguka. Pea ilikuwepo muda wote, joto tu lilikuwa linaipeperusha kabla ya kunifikia. Jameson haikubadilika sana. Hiyo naiona ndiyo sifa yake hasa: inapikwa mara tatu pale Midleton, Ayalandi, haina moshi wa kubishana nao, na joto halina cha kuivuruga.

Tulifanya mtihani wa glasi zilizofichwa. Mke wangu aliweka nukta za rangi ya kucha chini ya kila glasi akamimina jikoni. Karani aliitambua Jameson mara moja bila jasho. Fundi aliipa Black Label nafasi ya kwanza ilipokuwa na maji na ya mwisho ilipokuwa kavu. Tulipomwonyesha nukta alizitazama, akasema, "Bwana, hizo ni wiski mbili tofauti." Nilimwandikia hivyohivyo.

Glasi zenyewe sina maringo nazo. Yenye tumbo na mdomo mwembamba inakusanya harufu, basi. Bilauri pana ya bia inaimwaga.

Dafu

Hili ndilo nililolipenda kuliko yote na sikulitegemea. Wanywaji wa visiwa vya Karibi wamezoea kuchanganya wiski na maji ya dafu, nami nakaa mahali ambapo dafu linaletwa mlangoni kwa baiskeli. Ila si kila dafu. Kitale maji yake ni makali makali, bado. Koroma, nyama ikishakuwa ngumu, maji yamepoteza utamu. Unataka dafu ambalo ndani yake nyama inakombeka kwa kijiko cha ganda lake lenyewe, laini, inateleza. Maji ya hapo yana utamu na chumvi kidogo sana nyuma ya ulimi.

Jim Beam toti moja, maji ya dafu mara mbili yake, bila barafu kama dafu limelala ndani ya maji baridi. Mahindi na vanila vinaingia ndani ya dafu mpaka hujui kimoja kinaishia wapi. Jameson pia inakubali. Black Label haikubali. Moshi unaelea juu peke yake. Na usiweke akiba ya maji ya dafu mpaka kesho, yanachachuka, halafu utaisingizia wiski.

Kasoro moja: linanyweka haraka mno. Kileo kimejificha lakini kipo palepale, na mtu aliyekunywa matatu anajiona hajanywa. Tumeweka sheria ya mawili, na pikipiki ya Fundi inalala kwangu.

Moshi wa Islay

Mhandisi mmoja wa gesi alipomaliza mkataba wake alimwachia Fundi Laphroaig 10 ambayo haijafunguliwa. Hii inatoka kisiwa cha Islay, ambako kimea cha shayiri hukaushwa kwa moshi wa mboji, ule udongo wa kinamasi unaokatwa vipande na kuanikwa. Karani alinusa akauliza nani ameumia, maana aliisikia dawa ya vidonda. Mimi nilisikia ng'onda aliyekaa dohani. Watu wengine hulia kwa kuipenda. Mimi kavu siiwezi, na kwa maji siiwezi zaidi, kwa sababu yanaamsha moshi, na gwayakoli ile tumeshaisema.

Isipokuwa na pweza. Tulichoma pweza kwa mkaa, chumvi na ndimu tu, hakuna pilipili, maana pilipili na kileo vikikutana mdomoni hakuna mshindi. Ukitafuna pweza halafu ukanywa, moshi wa chakula unauficha moshi wa wiski, na kinachobaki ni utamu wa shayiri ambao hukujua kama upo. Kwa hiyo Laphroaig imeandikwa: ya pweza. Mengine hapana.

Msimu wa korosho

Mabibo yakianza kunuka mashambani Karani anarudi na swali lake la kila mwaka: kwa nini yanaoza chini ya mikorosho wakati wengine wanaweka vitu kwenye mapipa? Nilimjibu hivi. Kwanza, isingekuwa wiski, kwa sababu wiski ni ya nafaka. Goa, India, wanapika pombe ya mabibo, wanaiita feni, na jina hilo linalindwa kisheria kuwa la Goa tangu 2009. Pili, hapa kwetu kupika pombe kali bila leseni ni kosa la jinai, na ya kichochoroni haina anayepima methanoli, kileo cha sumu. Sionji, siandiki.

Ila swali la pipa kwenye joto ni zuri. Scotland pipa hupoteza karibu asilimia 2 kwa mwaka kwa kuvukiza. Bangalore, India, wanakotengeneza wiski ya Amrut, hupotea karibu 10 au zaidi, lakini mbao na kinywaji vinafanya kazi haraka, wiski ya miaka michache ina ukomavu ambao Scotland ungeungoja mara mbili ya hapo. Kavalan ya Taiwan ilianza kupika mwaka 2006 tu, na mwaka 2015 moja ya wiski zake ikatangazwa single malt bora kwenye mashindano ya World Whiskies Awards. Tangu nilipolielewa hilo, umri kwenye lebo nausoma pamoja na nchi. Miaka 12 ya baridi na miaka 5 ya joto huwezi kuipanga kwenye mstari mmoja. Na kwa unyevu wa pwani hii, pipa lingepoteza kileo upesi kuliko maji, kwa hiyo nguvu ingeshuka huku kiasi nacho kinashuka. Karani alipiga hesabu ya hasara kichwani akaagiza Jameson.

Rafu ilivyo

Chupa zinakaa kwenye sanduku la mvule chini ya kitanda, zimesimama. Hazilazwi, kileo kikali kinakula kizibo. Kizibo cha Glenfiddich kilikatikia shingoni hata hivyo, nikaichuja kwa chujio la chai, haina neno. Iliyobaki chini ya robo naihamishia chupa ndogo isikae na hewa.

Kwa sasa zipo Jim Beam kwa ajili ya dafu, Jameson ya kaskazi, Black Label ambayo siifungui kabla ya Juni, na Laphroaig imebaki ya pweza wawili hivi. Glenfiddich ikiisha sinunui nyingine. Ni nzuri miezi mitatu kwa mwaka na bei yake ni ya miezi kumi na miwili. Nimemwagiza shemeji anayekwenda India kwa matibabu ya mama aniletee Amrut. Fundi anasema wiski ya Wahindi hataonja. Tutamfichia nukta.