Kabla ya kuitia ramani rangi

Bagamoyo, Jumapili jioni

Wachoraji wengi wa mji huu wana nchi zao kichwani. Pekua daftari la anayewauzia watalii picha: kurasa za mbele ni majahazi na mibuyu, kazi za kulipia kodi ya nyumba. Za nyuma ni viumbe wenye mapezi na minara isiyo na ngazi. Leo nimewaza sana njia ya mtu huyu hadi kwenye riwaya ya fantasia. Haijanyooka. Atapita kwenye mabango ya maduka, mandhari ya jukwaa, pengine nakshi za milango, ndipo aje kwenye maneno. Naamini kila kazi kati ya hizo inamfaa, ila jicho la mchoraji lina ugonjwa wake: linapenda kitu kilichotulia. Sura ya kwanza itaeleza mnara, anga na vazi la malkia, kurasa tatu zikatike bila mtu kufanya jambo lolote.

Dawa ni kuuhoji mchoro. Nani alijenga hapa? Kwa kutumia nini? Kitu gani kinakaribia kuharibika? Majibu yaandikwe nyuma ya karatasi ileile, na mchoro usiojibu uwekwe kando hata ukiwa mzuri.

Magofu ya Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, yanafundisha jambo hili kuliko kitabu chochote. Kuta ni matumbawe na chokaa. Katika nyumba za mawe za pwani dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa, kwa kawaida haifiki mita 3. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Basi ukichora kasri lenye ukumbi wa mita 20, amua kwanza paa linabebwa na nini. Ukisema mifupa ya joka, vizuri, lakini sasa lazima awepo mwindaji wa majoka, awepo mjane wake, na awepo mfanyabiashara aliyeuza mfupa wenye ufa akijua una ufa. Hapo hadithi imeshaanza, na imetoka kwenye dari.

Ramani nayo ina sheria zake. Mito huungana ikishuka, haigawanyiki ovyo isipokuwa karibu na mdomo wake. Mpagazi mwenye mzigo mhesabie kilomita 20 hivi kwa siku. Jahazi linangoja upepo: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi. Maji ya bamvu, yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kila siku maji kujaa huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ukiiwekea nchi yako miezi miwili angani, umewabadilishia wavuvi maisha yote. Tengeneza jedwali la maji kabla hujampeleka shujaa ufukweni.

Uchawi uwe na gharama. Ukurasa mmoja unatosha: unaweza nini, hauwezi nini, anayeutumia anapoteza nini. Usipoyaamua haya mapema, kila tatizo la sura ya mwisho litatatuliwa kwa fimbo, na msomaji ataacha kuogopa.

Kuhusu majibizano, Bagamoyo ina bahati. TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa mjini, inafundisha maigizo na uchoraji mahali pamoja. Mpe mwigizaji kurasa mbili azisome kwa sauti. Anapokwama ulimi, sentensi ni mbovu.

Riwaya ya maneno 80,000, kwa maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni wiki 32. Wachoraji hukwama katikati, na najua wanakokimbilia: wanarudi kuipamba ramani. Inaonekana kama kazi, na mkono unafurahi, lakini ramani iliyokwisha kutiwa rangi mtu huona uchungu kuisogeza, kwa hiyo hadithi inapindishwa ili mlima ubaki pale ulipo. Iache ya penseli mpaka rasimu ya kwanza iishe. Jalada lisubiri zaidi, kwa sababu upana wa mgongo wa kitabu hutegemea idadi ya kurasa na unene wa karatasi. Mpiga chapa akupe kipimo hicho kwanza, kisha uchore, ukiacha theluthi ya juu wazi kwa ajili ya jina.