Kumbukumbu ya mradi: kafi ya Bulleh Shah juu ya sintesaiza

Wimbo umeanza kusimama. Kwa wanaofuatilia kwa mara ya kwanza: ni kafi (shairi la Kisufi la kuimbwa) ya Bulleh Shah, mshairi wa Kisufi wa Punjab aliyefariki mwaka 1757 na kuzikwa Kasur, katika Pakistan ya leo. Naipanga kwa mtindo wa kawali, muziki wa Kisufi wa India na Pakistan, yaani sauti, hamoniamu, tabla (jozi ya ngoma za mkono) na makofi, halafu chini yake naweka besi ya sintesaiza na ngoma za kompyuta. Shairi ni la zamani mno kuwa na mwenye haki, ila rekodi za waimbaji zina wenyewe, kwa hiyo sichukui sampuli ya mtu. Hamoniamu napiga mimi. Anayeimba ni rafiki aliyelelewa ndani ya kawali.

Kinachokula muda ni kasi. Programu ya kurekodia inapenda mapigo yaleyale tangu mwanzo hadi mwisho, na kawali haiendi hivyo. Huanza na hamoniamu, ikaja sauti isiyo na mdundo, kisha tabla ikiingia, mzunguko wa keherwa wenye mapigo 8 hukazwa kidogo kidogo mpaka watu wapandwe na jazba. Kwa hiyo metronomu, ile inayogonga mapigo ya kufuatwa, nimeizima. Mwimbaji na mpiga tabla wamerekodi pamoja, wanatazamana, ndipo nikachora ramani ya kasi kwa kuwafuata wao, mzunguko kwa mzunguko. Sasa tabla inaingia kwenye mapigo 74 hivi kwa dakika na wimbo unaishia 118, na kompyuta ndiyo inayomfuata mwimbaji.

Pengine uhondo wote uko kwenye takrar. Kiongozi anashika kipande kimoja cha mstari, anakirudia, wenzake wanapokea kama kwenye kaswida, anakirudia tena. Watayarishaji wengi wangekata hapo wawahi kiitikio. Mimi hapo ndipo naifungua besi, kila marudio kidogo zaidi.

Gitaa nimelitoa kabisa. Tunatumia raga (mpangilio wa noti wa Kihindi) iitwayo Bhairavi, ambayo noti zake za pili, tatu, sita na saba zimeshushwa, na zote zinapimwa kwa Sa, noti ya msingi, inayolia chini bila kukatika. Kodi za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zikianza kuhamahama, sikio linaipoteza hiyo Sa, na Bhairavi inabaki huzuni ya kawaida ya redioni.

Kuna aliyeniambia sintesaiza inachafua urithi. Basi na hamoniamu je? Ilibuniwa Ufaransa karne ya 19, na All India Radio iliipiga marufuku mwaka 1940, marufuku iliyodumu hadi 1971. Hoja moja dhidi yake ilikuwa ya kweli: haiwezi kuteleza kati ya noti kama koo la mtu. Sintesaiza inaweza, tena vizuri.

Kilichobaki ni besi kugombana na bayan, ile ngoma kubwa ya tabla. Naipunguza kati ya hezi 80 na 120 bayan ipate pa kukaa, kisha nahamia kwenye makofi.