Fundi wa kampuni akiiba nyumbani kwako, nani analipa?

Wengi hudhani kampuni iliyomtuma inawajibika moja kwa moja. Si lazima. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria ya Uingereza, mahakama huuliza: je, wizi ulishikamana na kazi aliyopewa, au kazi ilimfungulia mlango tu?

Katika shauri la Morris dhidi ya C.W. Martin, 1965, mtandio wa manyoya ulipelekwa kusafishwa, ukaibwa na mfanyakazi yuleyule aliyekabidhiwa ausafishe. Mwajiri aliwajibika. Angeuiba mfanyakazi mwingine asiyehusika nao, hesabu ingebadilika. Kwa hiyo msafishaji wa mazulia akitoweka na zulia lako, una hoja nzito. Fundi bomba aliyetoka jikoni akafungua droo ya chumbani, hoja ni nyembamba.

Hapo pita njia ya pili: uzembe wa mwajiri. Alikagua rekodi ya fundi? Alipuuza malalamiko ya wateja wengine? Mdai lazima alete ushahidi, na hapa ndipo kesi nyingi hukwama.

Ripoti polisi siku hiyohiyo, chukua namba ya ripoti, kisha iandikie kampuni ukitaja tarehe, saa za kazi, jina la fundi na kila kilichopotea, pamoja na risiti, picha na namba za vifaa. Omba nakala ya bima yao na uisome taratibu: bima ya dhima ya kawaida, ile inayolipa madhara ambayo kampuni imewasababishia wengine, mara nyingi haigusi wizi wa wafanyakazi, na baadhi ya dhamana zinazonunuliwa na kampuni kufidia wizi wa wafanyakazi wake hulipa tu mwizi akishatiwa hatiani.